Dawati letu la usiku gazetini limefutwa. Msanifu anaanzia wapi?

Msanifu wa Usiku

Wakuu, habari zenu.

Nimekuwa mhariri msanifu gazetini tangu nimalize chuo. Habari ikitoka kwa mwandishi inafika kwangu: naipunguza iingie kwenye nafasi yake, naihakiki, naipa kichwa, naandika maelezo ya picha, ukurasa unakwenda mtamboni. Mwezi uliopita tuliitwa mmoja mmoja tukapewa barua. Dawati zima limefutwa, waandishi watakuwa wanaweka habari zao mtandaoni wenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba matangazo ya kazi ninayosoma hayana neno linalonihusu. Mwandishi ana jina lake juu ya habari, mimi sina. Kwa mfano, niliwahi kuletewa habari inayosema riba imepanda kwa asilimia 2, kutoka asilimia 4 hadi 6. Nikairudisha. Hizo ni pointi 2 za asilimia. Riba yenyewe imepanda kwa asilimia 50, maana 2 ni nusu ya 4 ya mwanzo, na mkopaji ndiye anayeumia. Ikatoka ikiwa sahihi, msomaji hakujua kama kulikuwa na tatizo. Sasa kitu kama hicho unakiandikaje kwenye wasifu?

Watu wa karibu wananiambia niende uhusiano wa umma, wengine wanasema nirudi shule nikasome kitu kipya kabisa. Nina miaka 44 na watoto bado wanasoma. Mliopita njia hii, mlifanyaje?

Mwandishi wa Miongozo

Pole sana, mkuu. Mimi nilikuwa naandika habari za mahakamani. Sasa naandika miongozo ya vifaa vya hospitali. Nilipoingia sikuvijua vifaa hivyo, na hakuna aliyetaka nivijue. Mafundi wanavijua. Kinachowashinda ni kumwambia muuguzi aliye zamu afanye nini.

Fundi analeta sentensi kama hii: “Inashauriwa kwamba matumizi ya kifaa yasifanyike kabla ya ukaguzi wa hali ya waya kukamilika.” Inatoka hivi: “Kagua waya. Ukiona umechubuka, usiwashe mashine.” Hapo umefanya kazi yako ileile ya kila usiku: umetafuta nani anafanya nini, umetanguliza kitendo, mengine umeyatupa. Kisha tunampa muuguzi mwongozo, tunanyamaza kimya na kutazama anakwama wapi. Gazetini sikuwahi kumwona msomaji akisoma. Hilo peke yake limenifanya niipende kazi hii kuliko nilivyotarajia.

Huo mfano wako wa riba ndio wasifu wenyewe. Ukiandika “mhariri msanifu, dawati la usiku” na kuishia hapo, nje ya chumba cha habari hakuna atakayekuelewa. Andika ulichofanya: ulihakiki takwimu, majina na nukuu kabla hazijachapishwa, ulifupisha maandishi ya kitaalamu hadi mtu wa kawaida akayaelewa, ulifunga kurasa kwa saa ambayo haisogezwi. Halafu weka habari ya riba kwa mistari miwili. Benki, kampuni za bima, wachapishaji wa vitabu vya kiada, taasisi za utafiti, hata kampuni za programu zinazotafuta mtu wa kuandika maneno ya kwenye skrini, wote wanamhitaji mtu wa namna hiyo. Ila hawamwiti msanifu.

Katibu wa Zamani

Kabla ya kazi mpya, malizana na ya zamani. Nilikuwa kwenye chama cha wafanyakazi na nimeona wengi wakisaini kwa machungu ili waondoke haraka. Hati inayosema huna madai yoyote usiisaini mpaka umeisoma na mtu anayeijua sheria ya kazi ya huko uliko. Angalia notisi, likizo ambazo hukuzichukua, kiinua mgongo, michango ya pensheni, na kama kuna kifungu kinachokuzuia kwenda kwa mshindani. Omba na cheti cha utumishi kinachosema wazi kwamba nafasi imefutwa, kwa sababu mwajiri mpya atauliza.

Jingine, hifadhi kazi zako leo. Tovuti za magazeti hubadilishwa na viungo hufa. Kurasa zilizochapishwa ziweke kama PDF, za mtandaoni zipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, taasisi iliyoanza kuhifadhi wavuti mwaka 1996. Lakini mafaili ya ndani na majina ya vyanzo yaache hukohuko.

Msemaji

Mimi niko uhusiano wa umma, kwa hiyo nijibu hilo. Mshahara umetulia na usiku nalala. Ila kuna siku utaletewa taarifa ambayo ungekuwa dawatini ungeirudisha na swali “nani kasema?” Kuna taasisi utauliza na watakusikiliza, na kuna nyingine utaambiwa uipambe tu iende. Kwenye usaili waulize hivi: mara ya mwisho mlipokosea, mliwaambiaje watu? Mimi niliuliza, nikajibiwa bila kuzungushwa, nikabaki. Mwenye moyo wa msanifu asiingie mahali ambapo swali hilo linawaudhi.

Mama wa Takwimu

Shule isubiri. Kozi ndefu kabla hujajua unaitaka kazi gani itakula kiinua mgongo chote. Chagua aina moja ya kazi, soma matangazo yake mengi, tazama ni programu gani au ujuzi gani unajirudia, ujifunze huo tu.

Na usijione umeshindwa. Gazeti liliuza habari kwa msomaji, kisha likamuuza msomaji kwa mtangazaji, na hela nyingi ilitoka huko kwa pili. Matangazo madogo ya nyumba, magari na kazi yalipohamia mtandaoni (Marekani Craigslist, huduma ya matangazo madogo ya mtandaoni, ilianza 1995), fungu lililolipa madawati kama lenu likapungua. Rocky Mountain News ya Denver ilifungwa tarehe 27 Februari 2009, ikiwa imebakiza chini ya miezi miwili kutimiza miaka 150. Wiener Zeitung ya Vienna, iliyoanza 1703, iliacha kuchapishwa kila siku kwenye karatasi tarehe 30 Juni 2023, baada ya sheria kuwaondolea makampuni wajibu wa kulipia matangazo rasmi humo. Hakuna msanifu aliyeyaangusha magazeti hayo.

Msanifu wa Usiku

Asanteni sana, kwa kweli nimepumua. Hati bado sijaisaini na sasa nitatafuta wa kunisomea. Mwandishi wa Miongozo, nikiombwa sampuli nipeleke nini? Kurasa zangu zote zina majina ya watu wengine.

Mwandishi wa Miongozo

Tengeneza mwenyewe. Chukua waraka wowote ulio wazi kwa umma, masharti ya mkopo au fomu ya bima, uandike upya ukurasa mmoja. Wa zamani kushoto, wako kulia. Chini yake eleza kwa ufupi kwa nini ulihamisha hiki na kufuta kile, maana huko ndiko wanakoona unavyofikiri. Masharti ya mkopo yatakufaa zaidi, riba unaijua. Usibadilishe maana ya kisheria hata kidogo. Palipo na utata weka swali pembeni, kama ulivyokuwa ukimrudishia mwandishi. Ukimaliza nitumie, niusome kabla hujaupeleka.