Kijana wa Mtwara aanze na semantiki au aanze na kuandika programu?

MwalimuShangani
Wadau, nafundisha programu vijana 14 hapa mjini, masomo ya jioni. Safari hii nimebadili utaratibu. Kabla ya kugusa kompyuta, wiki tatu ni semantiki ya utendaji, yaani kueleza maana ya programu kwa hatua inazopiga, daftari na kalamu tu. Kila amri ya lugha inapewa kanuni yake: juu ya mstari unaandika masharti, chini ya mstari hatua inayoruhusiwa masharti yakitimia. Wazazi wawili wamekuja juu, wanasema nawapotezea watoto muda na ada. Nimekosea?

Fundi_Chuno
Umekosea, mwalimu. Mimi nilijifunzia kwenye kompyuta mbovu ya mjomba, na leo maduka manne yanatumia mifumo yangu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza mambo ya mstari. Anauliza inafanya kazi au haifanyi. Hayo ni ya maprofesa wa huko Ulaya miaka ya 70, waachie wenyewe.

BintiNachingwea
1981, kaka, si miaka ya 70. Gordon Plotkin, mwanasayansi wa kompyuta, alifundisha kanuni hizo Aarhus, Denmark, na maandishi ya mihadhara ile yakawa yanapitishwa mkono kwa mkono hadi jarida lilipoyachapa 2004. Alitaka maana ya programu ijulikane bila kusema "inategemea mashine yako". Na hayo maduka yako manne, wauzaji wangapi wanaingiza hesabu kwa wakati mmoja? Kama ni mmoja mmoja, bado hujaonja joto. Programu ya kubahatisha ni kangomba, ule uuzaji wa korosho kwa magendo: unapima kwa bakuli, ukija kujua ulichopoteza msimu umekwisha.

NewalaNdani
Dada, semantiki siijui, nilikuwa napita tu. Lakini hilo neno umelitumia vibaya. Baba yangu aliuza korosho kwa kangomba mwezi wa nane, korosho zikiwa bado ua, kwa sababu mimi nilitakiwa shule na nyumbani hakuna hata mia. Hakubahatisha. Alijua hasara yake kilo kwa kilo.

Ligula_B
Kangomba ni wizi, tusipambe. Ndiyo maana tukaletewa stakabadhi ghalani, msimu wa 2007/2008 kama sikosei.

NewalaNdani
Mwizi ni aliyenunua. Baba yangu usimguse.

Ligula_B
Sijamgusa mzee wako. Nimesema mfumo.

Mzee_Mikindani
Wanangu, mfumo wa stakabadhi nao una yake. Unapeleka mzigo, unasubiri mnada, halafu unasubiri malipo. Mwenye njaa ya leo utamwambia asubiri mnada? Na huyo wa Nachingwea atuambie kwao Lindi wanauzaje, maana kila siku wanasema bei yetu na yao hazifanani.

BintiNachingwea
Shikamoo mzee. Kaka wa Newala, nakuomba radhi. Nilitafuta mfano nikashika maumivu ya mtu. Neno nimelifuta.

Fundi_Chuno
Afadhali. Na mimi nijibiwe basi: programu ya duka haiui mtu. Mbona mnatutisha?

BintiNachingwea
Ya duka haiui. Therac-25 iliua. Ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Marekani na Kanada, kati ya 1985 na 1987. Wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi, wengine wakafa. Mojawapo ya sababu: sehemu mbili za programu zilikuwa zikitumia data ileile kwa wakati mmoja. Mhudumu mwepesi wa vidole akisahihisha haraka, sahihisho linapita katikati ya hatua za sehemu nyingine na mashine inabaki na maelezo ya zamani. Ilijaribiwa. Ilionekana "inafanya kazi".

MwalimuShangani
Ahsante, binti. Hapo ndipo penyewe. Niwape mfano ninaowapa vijana. Ghala lina kilo 400 kwenye kitabu. Karani A anapokea kilo 80, karani B kilo 120, kwa wakati mmoja. Kila mmoja anasoma salio, anajumlisha, anaandika. A amesoma 400. Kabla hajaandika, B naye amesoma 400. A anaandika 480. B anaandika 520 juu yake. Kilo 80 zimetoweka, na hakuna aliyekosea hesabu.

Karani_Tandahimba
Nilijua tutafika hapa. Kilo zikipotea, mfano ni karani. Miaka tisa niko kwenye chama cha msingi cha ushirika, kila mkutano mkuu tunatazamwa kama panya wa ghalani. Sasa hadi kwenye kompyuta?

MwalimuShangani
Ndugu yangu, soma tena sentensi ya mwisho. Nimesema hakuna aliyekosea. Mfano huu unamsafisha karani. Kosa liko kwa aliyedhani "ongeza 80" ni tendo moja wakati ndani yake mna matendo matatu, na mwenzako anaweza kupenya katikati.

Ligula_B
Sasa kwa nini usiwafundishe njia fupi? Nilisoma kuna hatua ndogo, unaeleza kila tendo moja moja, na kuna hatua kubwa. Hatua kubwa unasema tu: programu hii, ukianza na hali hii, unaishia na hali ile. Basi.

BintiNachingwea
Hiyo ni njia ya Gilles Kahn, 1987, na kwa programu inayokwenda peke yake inatosha sana. Lakini ukimwambia hatua kubwa "A anaanza na 400 anaishia na 480", umeshafunga mlango ambao B angeingilia. Michakato sambamba, yaani programu zinazokwenda kwa wakati mmoja, inataka hatua ndogo kwa sababu hitilafu inakaa katikati ya safari. Robin Milner, mwanasayansi wa kompyuta wa Edinburgh, alikwenda mbali zaidi: hata kuorodhesha hatua hakutoshi. Kwa mama ntilie wa kwanza unalipa, kisha unachagua chai au kahawa. Kwa wa pili unalipa, kumbe alishaamua moyoni atakupa ipi. Ukiorodhesha yanayoweza kutokea, orodha ni moja: lipa-chai, lipa-kahawa. Lakini mteja anayetaka kahawa anajua si kibanda kimoja.

Fundi_Chuno
Hapo kwa mama ntilie nimekuelewa. Lakini bado nasema kijana aandike kwanza, aumie, ndipo apewe kanuni. Wiki tatu bila kompyuta watakukimbia.

MwalimuShangani
Wameshakimbia wawili.

Mzee_Mikindani
Na mnaposema sambamba mnamaanisha nini? Mistari sambamba haikutani. Hawa makarani wenu wanakutana kitabuni.

BintiNachingwea
Mzee, hilo nimelikosa jibu. Nimekuwa nikiliandika hivyo bila kulitafakari. Labda tuseme michakato inayopishana.

Karani_Tandahimba
Nimerudi. Jana usiku nilichukua karatasi. Nimeacha kujumlisha kwa sababu kila mtu anajumlisha kichwani mwake; nimebakiza kusoma na kuandika. Makarani wawili, njia 6 za kupishana. Mbili zinaleta 600. Mbili zinaleta 520, mbili 480. Mwalimu, ni sawa?

MwalimuShangani
Sawa kabisa, ndugu yangu.

Karani_Tandahimba
Basi nikaongeza karani wa tatu, maana msimu ukichanganya tunakuwa watatu. Zimekuja njia 90, na zilizo salama ni 6 tu, zile ambazo kila mmoja anamaliza ndipo mwenzake aguse kitabu. Sisi tuna kalamu moja imefungwa kamba mezani. Siku zote nilidhani ni kwa sababu kalamu zinaibwa. Kijana wangu yuko kidato cha nne. Masomo yako ya jioni yanaanza saa ngapi?