Broila: laisini na methionini za unga, au amino za kwenye maji?

Mfugaji_J: Habari zenu wadau. Vifaranga wanaingia wiki ijayo na chakula nachanganya mwenyewe. Ninunue laisini na methionini za unga (zile amino, yaani viini vinavyojenga protini) au zile amino za kuweka kwenye maji? Nataka wakue haraka.

MamaBanda: Ndugu yangu, chakula chenyewe kina nini? Hapo tutakujibu hewani tu.

Mfugaji_J: Samahani dada. Mahindi, soya, alizeti kidogo na premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini).

Kinyweo: Za unga, mkuu. Kwa mahindi na soya inayopungua kwanza ni methionini, ya pili laisini, halafu threonini. Za maji ni msaada wa siku za joto au kuku wakigoma kula, haziwezi kuziba pengo la fomula ya chakula.

MamaBanda: Alizeti methionini inayo, laisini ndo shida, ukiizidisha alizeti pandisha laisini. Na soma lebo, laisini hidrokloridi ina laisini karibu asilimia 78, ya salfeti kama 55 tu, usipime sawa.

Babu Jogoo: Mimi naamini unga wa samaki, zote mbili zimo humo.

Kinyweo: Babu, huo wa kuchanganywa na mchanga? Na usipoutoa kwenye chakula mwishoni kabla ya kuchinja, nyama inanuka samaki.

Babu Jogoo: Wangu naujua unakotoka, mchanga hauna.

Tetea88: Jamani angalieni mnaponunua. Kuna muuzaji alinipimia methionini kutoka mfuko mweupe hauna lebo, nikachanganya kipimo kilekile cha siku zote, kuku wakachelewa kuota manyoya mgongoni wakaanza kudonoana, wengine wakubwa wengine kama wamezaliwa jana, nikabadilisha dawa nikabadilisha maranda wapi, mpaka fundi mmoja akanusa ule unga akasema methionini ina harufu kali ya salfa, huu haunuki kitu. Bechi nzima iliharibika hivyo, iliniuma sana.

Mfugaji_J: Pole sana aisee. Sasa nachanganyaje, naimwaga tu juu?

MamaBanda: Hapana! Anza na kilo chache za mahindi yaliyosagwa, ndo uingize kwenye mzigo wote. Ila hiyo soya ni mashudu au nzima?

Mfugaji_J: Nzima, nasaga mwenyewe.

Kinyweo: Mbichi??? Mbichi inazuia protini kumeng'enywa, amino haziwezi kukuokoa hapo. Kaanga kwanza.

Babu Jogoo: Kuchemsha ndo bora, kukaanga mnaunguza.

Kinyweo: Ukichemsha lazima uanike mpaka ikauke kabisa, la sivyo ukungu. Ukikaanga unakoroga tu, moto wa wastani.

Tetea88: Ikiungua na laisini inaharibika, Babu ana hoja hapo.