Ushauri wa raketi na viatu vya badminton, mchezaji wa kujifurahisha, nipo Mbeya

Kijana wa Iyunga (mleta uzi)

Habari zenu wakuu,

Nimehamia Mbeya kikazi nikitokea Dar, nikakuta jamaa wa ofisini wana kakikundi ka kucheza badminton jioni kwenye ukumbi mmoja hivi, sakafu simenti tupu na vumbi lake. Nikajiunga manake Dar nilikuwa nacheza cheza, sio mtu wa mashindano.

Sasa raketi yangu ni ile ya chuma, zinauzwa mbili kwenye mfuko mmoja. Jamaa wameniazima za kwao nijaribu kabla sijanunua. Ya kwanza ni Astrox ya Yonex, kichwa kizito, smashi (lile pigo kali la kushuka) inatoka hadi raha ila baada ya mda kiwiko kinauma na nikiwa karibu na neti nachelewa kuinua mkono. Ya pili ni Nanoflare, nyepesi mbele, hiyo nadefendi vizuri sana lakini nikilifti (nikipiga toka chini kwenda juu) kwenda nyuma kinyoya, kile tunachopiga badala ya mpira, kinatoka nje, nikipunguza nguvu bado kinatoka, hadi partner wangu wa dabo (wawili kwa wawili) kaanza kununa. Cha ajabu Dar sikuwa na hili tatizo kabisa, hata na raketi ya chuma.

Viatu navaa raba za kukimbilia, soli nene laini, nikigeuka ghafla mguu unataka kulala upande.

Bajeti laki mbili na nusu kwa vyote. Binamu yangu yupo Dar anaweza kupita Kariakoo, au nizunguke mitumba ya Sido na Mwanjelwa hapahapa Mbeya? Na nianze na kipi?

Natanguliza shukrani.

Baridi_ya_Forest

Mkuu kitu ni Astrox 100ZZ kama aliyotumia Axelsen yule bingwa wa Olimpiki, raketi ya maana unanunua mara moja unatulia.

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wakuu.

@Baridi acha kumpoteza mwenzio. 100ZZ shafti yake, ile fimbo kati ya mpini na kichwa, ni ngumu mno, imetengenezwa kwa mtu anayezungusha mkono kwa kasi ya ajabu, ndo shafti inapinda na kurudisha nguvu. Sisi wa jioni baada ya kazi hatuipindishi hata kidogo, tunabaki kupiga kwa nguvu ya bega na kiwiko, afu tunalalamika mkono unauma. Na bei yake huko inakotoka inavuka dola 200, kwaiyo akiletewa ya laki moja na nusu ajue kaletewa rangi tu.

Mleta uzi nirudi kwako. Umesema kitu kimoja kikubwa afu ukakipita haraka, kwamba Dar lifti zilikuwa zinabaki ndani. Hapo usilaumu raketi kwanza. Mbeya mjini ipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kinyoya kinapunguzwa kasi na hewa hiyohiyo. Hewa ikiwa nyepesi kinaenda mbali zaidi kwa pigo lilelile. Sisi Iringa tunaipata hiyo shida pia. Ndio maana vinyoya vinauzwa kwa kasi tofauti: vya nailoni angalia ukanda pale kwenye kichwa, kijani ni wa polepole, bluu wa kati, mwekundu wa kasi. Vya manyoya halisi ya bata vina namba kwenye kopo, 75, 76, 77 na kuendelea, namba ndogo ndo ya polepole.

Kuna kipimo kipo kwenye sheria zenyewe za mchezo, kifanyeni kabla ya kubishana. Simama kwenye mstari wa nyuma kabisa, piga kinyoya kutokea chini kwenda juu kwa nguvu yote, sambamba na mstari wa pembeni. Kinatakiwa kitue kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili, kati ya sentimita 53 na 99. Kikitua juu ya mstari au nje, hicho ni cha kasi mno kwa ukumbi wenu. Apige pia mtu mwingine mwenye mkono mzuri, sio wewe peke yako.

Swali: mnatumia ukanda wa rangi gani?

Kijana wa Iyunga

Aisee. Mwekundu. Nimefungua kopo hapa kwenye begi, vinyoya vya nailoni vya Mavis 350, ukanda mwekundu kopo zima. Aliyenunua anasema muuzaji alimwambia nyekundu ndo ya baridi na Mbeya si kuna baridi.

Mnyalu wa Kihesa

Muuzaji hajadanganya ila kasema nusu. Baridi inafanya hewa iwe nzito na kinyoya kiende taratibu, kwaiyo huko Ulaya ukumbini kuna baridi na wapo karibu na usawa wa bahari wanatumia mwekundu. Huku kwetu baridi inavuta nyuma, urefu wa mlima unasukuma mbele, na urefu mara nyingi unashinda. Anzeni na kijani, ile Juni na Julai jioni kukiwa kumeganda kweli mjaribu bluu. Pimeni, msikariri.

Mama Viazi

Mimi naongelea viatu manake naona wanaume mnakimbilia raketi tu. Kaka yangu nunua viatu KWANZA. Raketi mbaya utakosa pointi, raba ya kukimbilia itakulaza kitandani na kifundo kimevimba. Zile raba zimetengenezwa kwa kwenda mbele tu, kisigino kimenyanyuka na soli ni laini, ukikanyaga kwa pembeni unakuwa juu juu afu inapinduka. Cha badminton kiko chini karibu na sakafu, pembeni kimekazwa, na soli yake ni ule mpira wa kahawia unaong'ang'ania.

Sasa kwa hela yako usihangaike kutafuta vilivyoandikwa badminton. Viatu vya voliboli ya ndani au handiboli vinafanya kazi ileile, na kwenye mitumba vinapita Asics na Mizuno watu hawavijui wanavivaa sokoni. Ukikishika fanya hivi, kikunje: kinatakiwa kipinde pale vidole vinapopinda, kikikunjika katikati kama chapati acha hapohapo. Kisokote kama unakamua nguo, kisikubali sana. Bonyeza kisigino kwa nyuma kisibonyee. Afu angalia gundi, hii ndo inatuua wanunua mitumba, kiatu kimekaa stoo miaka gundi imekauka, kwa macho kipya ila ukikimbia siku ya kwanza soli inabaki kwenye neti. Vuta soli kwa kucha pale mbele na pembeni, ukiona imeanza kuachia mpelekee fundi ashone kabisa mzunguko mzima au kiache.

Nenda kujaribu jioni mguu ukiwa umeshavimba kidogo, vaa soksi utakazochezea, piga hatua ndefu mbele kama unaokota kinyoya cha neti. Vidole vikigonga mbele ni kidogo hicho, kucha zitakuwa nyeusi.

Na usikivae barabarani! Ule mpira laini, lami na kokoto zinaumaliza. Hata hiyo simenti yenu itaumaliza ila taratibu. Vumbi fagieni afu mpige deki, mkae na kitambaa kibichi pembeni mkanyagie.

Fundi wa Kabwe

Mama Viazi kamaliza.

Parachichi la Rungwe

Naongezea kwenye raketi. Kwa maelezo yako mkono wako unaitaka iliyo katikati, sio kichwa kizito sio nyepesi sana, shafti laini au ya kati. Uzito tafuta 4U, hiyo ni gramu 80 hadi 84, imeandikwa kwenye koni juu ya mpini. 3U inafika 89, utaona gramu tano sio kitu, subiri gemu ya tatu. Ukitaka kulinganisha raketi mbili bila mashine, laza shafti juu ya kidole kimoja utafute inapotulia, yenye kutulia karibu zaidi na kichwa ndo yenye kichwa kizito.

Ila kujaribu kwako kulikuwa na kasoro moja, umelinganisha raketi zenye nyuzi tofauti. Hiyo Nanoflare ukute nyuzi zimelegea, nyuzi legevu zinarusha mbali kinyoya hata hujaomba, ukijumlisha na ule ukanda mwekundu lazima kitoke nje. Waulize zimekazwa pauni ngapi (ndo kipimo cha mkazo wa nyuzi) na lini. Wewe 22 mpaka 24 inakutosha, wanaokaza 28 waache na viwiko vyao. Kiwiko chenyewe kikiuma angalia pia unavyoshika, wengi tunabana mpini mda wote, shika kilegevu ukaze pale unapogonga tu.

Feki: ukiona pale kichwa kinapokutana na shafti kuna kile kiungo cha T kimechomoza nje, basi mara nyingi hiyo ni ya chuma hata iandikwe jina gani. Halisi pia ina namba ya mfululizo, ila hata namba wanaigiza siku hizi, kwaiyo bei ikiwa tamu sana shtuka. Binafsi naona bora raketi halali ya bei ya chini ya kampuni yoyote, Yonex, Victor, Li-Ning, kuliko feki ya bei ya juu. Na hakikisha inakuja na nyuzi tayari, huku mtu mwenye mashine ya kuvuta nyuzi za badminton kumpata ni kazi.

Baridi_ya_Forest

Haya nimenyoosha mikono, ila smashi ya 100ZZ hamjaisikia mlio wake.

Kijana wa Iyunga

Wakuu nimewaelewa mno. Kwaiyo mpango: kopo la kijani kwanza, tunachanga kikundi kizima. Jumamosi Sido kwa ajili ya viatu. Afu naazima tena zile raketi mbili nijaribu upya na kinyoya sahihi kabla ya kumtuma binamu. @Mama Viazi navaa 43 ila raba zangu zingine ni 44, nichukue ipi?

Mama Viazi

Namba zinadanganya kila kampuni na yake, kanyaga karatasi chora mguu upime kutoka kisigino hadi kidole kirefu, afu linganisha na sentimita zilizoandikwa ndani kwenye ulimi wa kiatu. Miguu yote miwili, fuata mkubwa.

Dogo wa Soweto

Nina Yonex nauza, imetumika kidogo tu, ipo Soweto hapa Mbeya, njoo PM mkuu.

Parachichi la Rungwe

@Dogo weka picha ya koni na ya kiungo cha shafti hapahapa kwanza, afu sema ina ufa au haina.