Premio 1800 inakula mafuta, gia ya nne inajitoa barabarani: giaboksi imekufa kweli?

MpakaniBusia

Ndugu zangu, naomba mawazo kabla sijatoa hela. Gari ni Toyota Premio, bodi ya 240, injini 1ZZ ya cc 1800, otomatiki ya gia 4. Niliinunua kwa mtu hapa hapa Uganda, haikutoka bondi (yadi ya magari yanayoingizwa kutoka nje). Nafanya biashara ya viatu: nachukua soko la Owino, Kampala, napeleka Busia mpakani, kwa hiyo barabara ya Jinja naijua shimo kwa shimo.

Kwanza mafuta. Nikijaza tangi, nikajaza tena nikifika, hesabu inanipa kilomita 8 kwa lita. Shemeji yangu ana Premio kama hii hii, safarini anapata 13, na mguu wake si mwepesi hata kidogo. Nimejaribu sheli za huku na za ng'ambo upande wa Kenya, ni yale yale. Plagi nimebadilisha, za zamani zilitoka zimejaa masizi. Kichujio cha hewa kipya, matairi yana upepo. Na lita moja inapita shilingi 5,000, faida ya viatu yote inaishia kwenye tangi.

Pili gia. Asubuhi nikitia D gari inashtuka, kishindo unakisikia hadi kwenye kiti. Barabarani, nikiwa kwenye 90, mshale wa mizunguko unakaa 3,000 na haushuki. Kwa shemeji, 90 hiyo hiyo, uko 2,000 na kidogo. Cha ajabu si wakati wote. Nikitoka foleni ya Nakawa na Kireka, gia ya nne inaingia vizuri tu. Nikisimama Namawojjolo na injini inanguruma, wauza muchomo (nyama ya kuchoma) wamenizingira madirishani, nikiondoka inaingia tena. Nikishaingia msitu wa Mabira inajitoa yenyewe. Taa ya O/D OFF (ya kuonyesha gia ya nne imezimwa) haiwaki.

Fundi mmoja alizunguka nayo kidogo, akashuka, akasema, "Giaboksi imekufa, dada." Anataka milioni 2 na nusu, ya mtumba, pamoja na kazi. Boneti hakufungua.

KijanaWaNdeeba

Pole dada. Usitoe hiyo hela. Anza na oili ya gia. Pasha gari, simama mahali tambarare, injini ikiwa inawaka pitisha lever kutoka P mpaka L na urudi P, halafu chomoa stiki upime upande wa HOT. Ikiwa nyekundu sawa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo kuna maneno.

Hiyo ya 1800 inataka Type T-IV. Kuna watu wanakumiminia Dexron yoyote waliyo nayo dukani wanakwambia "zote ni ATF", yaani oili ya giaboksi otomatiki. Na usimsikilize mtu wa oili ya CVT, hiyo ni ya Premio 2000 yenye injini ya D4, giaboksi yake ni nyingine kabisa.

FundiMkongwe_Jinja

Binti yangu, kabla ya oili nijibu mambo mawili. Ukiwa kwenye 90 na mshale uko 3,000, ukikanyaga kidogo, mwendo unapanda pamoja na mizunguko au mizunguko inapaa peke yake? Na geji ya joto kwenye dashibodi inasimama wapi, mjini na barabarani?

MpakaniBusia

Mzee, vinapanda pamoja. Geji kwenye foleni iko katikati. Barabarani inashuka karibu na C, Mabira ndiyo inalala kabisa. Nilifikiri ni vizuri, gari haichemki. Oili ni nyekundu, haina harufu.

FundiMkongwe_Jinja

Basi giaboksi yako haijafa. Giaboksi inayoteleza, injini inapiga kelele na gari haliendi. La kwako linakwenda, ila limebaki gia ya tatu. Fanya hesabu: kwenye giaboksi hiyo gia ya tatu ni 1 kwa 1, injini na giaboksi vinazunguka sawa, ya nne injini inazunguka 0.7 tu. Zidisha 3,000 kwa 0.7, unapata 2,100, ndiyo ile ya shemeji yako. Kitu kilichooza hakikupi hesabu safi namna hiyo.

Kinachoizuia ni kompyuta. Toyota hizi, maji ya injini yakiwa ya baridi, kompyuta hairuhusu gia ya nne wala haifungi tokomvata (kiunganishi cha injini na giaboksi), inasubiri injini ipate moto. Kwenye foleni hakuna upepo, maji yanapanda, gia inaingia. Ukikimbia 90 upepo unapiga rejeta, maji yanapoa, gia inatolewa. Namawojjolo hivyo hivyo.

Mafuta nayo yanatoka hapo hapo. Injini ikiwa baridi kompyuta inaongeza petroli, ndiyo masizi kwenye plagi. Unaendesha kama pikipiki ya zamani iliyosahauliwa choki. Na kishindo cha asubuhi: injini baridi huzunguka haraka ikiwa imesimama, ukitia D inapokewa kwa nguvu. Hicho kidogo ni cha kawaida.

Themostati yako, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haipo, au imekwama wazi. Mimi naweka shilingi yangu kwenye "haipo".

Musa256

Mzee kwa heshima, themostati ni ya Ulaya na Japani kwenye theluji. Huku jua linatosha. Mimi nimetoa kwenye gari zangu zote na hazijawahi kuchemka.

FundiMkongwe_Jinja

Musa mwanangu, jua la Iganga likiwa kali sana ni nyuzi 33 au 34. Themostati ya 1ZZ inaanza kufunguka kwenye 80 na zaidi kidogo. Hilo jua lako litazifikisha wapi? Hazichemki, kweli. Zinakula petroli na oili inachafuka mapema, lakini hazichemki.

Najua kwa nini inatolewa, nimeona tangu nikiwa mwanafunzi gereji Mombasa. Gari linachemka, rejeta imeziba au feni haizunguki, mwenye gari ana haraka, themostati inatupwa na anaondoka anashukuru. Kwa hiyo binti, usirudishe themostati kabla hujapima rejeta na feni. Ukirudisha juu ya rejeta iliyoziba litachemka kweli, na watakwambia mzee wa Jinja alikudanganya.

Fundi ataipata pale hozi ya chini inapoingia kwenye bloku. Alternator huenda ikabidi itoke ili mkono upite. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye themostati kikae juu, hewa itoke. Na weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya bomba.

MpakaniBusia

Mrejesho. Mzee, haikuwepo. Nyumba ya themostati ilikuwa tupu, gasketi tu imepakwa silikoni nyekundu nyingi. Maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya kutu. Rejeta imefunguliwa na kusafishwa, feni inazunguka ila waya wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa mkanda, umeunganishwa upya. Themostati na kulanti nimenunua Kisekka, soko la vipuri Kampala, na kila kitu pamoja na kazi hakikufika hata robo ya ile milioni 2 na nusu.

Nimekwenda Kampala na kurudi. Geji imeganda katikati, Mabira gia ya nne imekaa mpaka darajani Jinja, 90 kwa 2,100 au karibu na hapo. Kwa lita nimepata kilomita 12 na nukta. Kishindo cha asubuhi kipo ila kimepungua, nikisubiri mizunguko ishuke kabla ya kutia D sikisikii. Oili ya gia bado nitabadilisha, T-IV, kijana wa Ndeeba nimekusikia.

BabaTwaha

Na mimi nina Noah, rivasi inachelewa kuingia, inaweza kuwa hii themostati?

FundiMkongwe_Jinja

Hapana. Anzisha mada yako, andika injini gani, na pima oili kwanza.