Deraya ya askari wa anga za juu, ndiyo mara yangu ya kwanza: nianzie wapi hapa Kisumu?

mgeni_wa_nyalenda

Wadau, salamu. Nataka kujitengenezea deraya ya askari wa anga za juu: kifua na mgongo, mabega, mikono, mapaja, miguu, na kofia ya kufunika kichwa chote. Sifuatishi mhusika wa sinema yoyote, mchoro ni wangu. Nitaivaa kwenye maonyesho Nairobi na baadaye kwa picha hapa mjini. Urefu wangu ni sentimita 174, kifua 96. Nina kisu cha kukatia karatasi, rula ya chuma na kikaushio cha nywele cha dada.

Ninunue nini na kiasi gani? Vipimo vinachukuliwaje ili kitu kinikae mwilini? Kikaushio kinatosha? Na kuna anayeniambia fiberglasi ndiyo imara, nianze nayo?

fundi_povu

Karibu. Fiberglasi iache kwa sasa. Gundi yake ina mvuke mkali, vumbi lake linawasha ngozi na si la kuvutwa puani, na kipande kikishakauka vibaya ni cha kutupa. Anza na foamu ya EVA, lile povu gumu la mikeka na soli: ukiikata vibaya unakata nyingine, basi.

EVA utaipata kwa sura mbili. Kuna mikeka ya watoto ya kuunganisha meno kwa meno, kila kipande sentimita 60 kwa 60, unene wa milimita 10 hadi 12. Kuna pia mabamba ya soli, milimita 3 hadi 6. Waulize mafundi wa viatu wa soko la Kibuye wanayachukua duka gani. Nene itumie kwa kifua, mapaja na mabega, nyembamba kwa mapambo ya juu na sehemu zenye mikunjo mingi. Kabla ya kulipa, bonyeza kwa ukucha: alama irudi yenyewe. Ikibaki shimo, foamu hiyo ni laini mno. Sponji ya godoro haishiki umbo, na lile povu jeupe la kwenye maboksi ya runinga huyeyuka likiguswa na gundi ya viatu au rangi ya spreyi.

Kiasi: vipande 2 kifua na mgongo, 2 mapaja, kimoja na nusu miguu, kimoja mikono na mabega, kimoja na nusu kofia. Hiyo ni 8. Nunua 10, kwa sababu mikeka ya mzigo tofauti hutofautiana rangi na ugumu, na ukirudi dukani baadaye huenda usipate ileile. Ongeza nusu lita ya gundi ya viatu ya kunata pande zote mbili, pakiti ya wembe za kisu, msasa namba 120 na 240, maskingi tepu na karatasi za manila.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama, maana foamu na rangi wanavijali lakini patani, yaani kiolezo cha kukatia, wanaikisia. Vaa nguo utakayovaa ndani ya deraya. Mtu akuzungushie kiwiliwili ile plastiki ya kufunikia chakula, kisha maskingi tepu juu yake, tabaka mbili, bila kukukaza. Simama wima na upumue kawaida. Chora juu ya tepu mistari ya maungio: ubavuni, mabegani, katikati ya kifua. Wekea kila mstari alama ndogo za kuvukia, yaani vistari vinavyoukata ili baadaye vipande vilingane, kila sentimita 5 na uandike kushoto au kulia, juu au chini. Kata ubavuni kwa mkasi wenye ncha butu, vua, kisha kata kwenye mistari mpaka vipande vilale bapa. Kipande kisicholala kinahitaji mkato mwingine wa pembetatu. Usikilazimishe kwa kukikanyaga. Hamishia kwenye manila.

Kisha ongeza unene wa foamu, jambo ambalo halionekani mpaka kifua kigome kufunga. Foamu ya milimita 10 ikizunguka mwili inahitaji takriban sentimita 3 zaidi kwenye mzingo kuliko patani iliyotoka kwenye ngozi. Ya milimita 5, sentimita moja na nusu. Zigawe kwenye maungio yote, usizirundike upande mmoja.

Usikate kifua kwanza. Kata kipande cha mkono, kati ya kiwiko na kifundo, na ukipeleke hadi mwisho: kata, kunja kwa joto, gundisha, ziba, paka rangi, weka mkanda. Kila hatua ya deraya nzima imo mle, na makosa yote yatagharimu robo ya mkeka.

patani_na_saiba

Nyongeza kwa wanaopakua patani mtandaoni. Saiba nyingi huchapisha kwa kupunguza ukurasa ili uingie ndani ya A4, na kipande cha sentimita 20 kinatoka 19 bila mtu kujua. Mwambie anayechapisha aweke asilimia 100, na upime kwa rula ule mstari wa majaribio ulioko kwenye ukurasa wa kwanza kabla hajatoa kurasa zilizobaki. Tena usipunguze patani kwa urefu wa mwili peke yake. Watu wawili wa sentimita 174 wanaweza kuwa na mapaja tofauti kabisa. Pima kiungo chenyewe, gawa kwa kipimo cha patani, uchapishe kila kiungo kwa asilimia yake.

wa_kakamega

Mbona mnamtisha na vifaa? Foamu inakunjika hata juu ya jiko la makaa. Pasha, kunja, shikilia. Hakuna haja ya mashine.

fundi_povu

Mkuu, kwa mkunjo mpana wa paja, inawezekana. Ila makaa hayatoi joto sawasawa: upande mmoja unavimba malengelenge na mwingine bado mgumu, na masizi yanazuia gundi na rangi kushika. Zito zaidi ni mvuke wa gundi ya viatu. Unashika moto kwa urahisi sana, na ni mzito kuliko hewa kwa hiyo unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko hata kama liko upande wa pili wa chumba. Jiko likiwaka, kopo la gundi lisifunguliwe.

Mgeni, kikaushio cha nywele kitalegeza foamu ya milimita 3, ya 10 hakitaiweza. Azima blowa ya hewa moto kutoka kwa fundi wa simu, toa ile pua nyembamba inayochoma sehemu moja, na uishike sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye foamu huku mkono ukitembea muda wote. Uso ukiacha kufifia na kuanza kung'aa kidogo, geuza upashe upande wa pili, kisha kunja kupita kiasi unachotaka, kwa sababu itarudi kidogo. Shikilia hadi ipoe, dakika moja au mbili. Chupa na ndoo ni kalibu nzuri. Kwa mkono tumia chupa ya lita moja, kwa paja ndoo ndogo. Na pasha kabla ya kugundisha, kwani joto la blowa hufungua maungio ya gundi.

Kukata: kisu kivutwe kwa mikato miwili mitatu mirefu, ya kwanza isiyozama. Ukikata kama unapasua mbao, ukingo unakuwa na meno na gundi haitaficha. Foamu inamaliza makali haraka, kwa hiyo vunja ncha ya wembe kila unapoona ukingo unachanika. Pembe ya mraba ya nje hupatikana kwa kukata kila ukingo kwa nyuzi 45. Ukikata wima, utapata ufa upande wa nje.

Gundi: paka safu nyembamba kingo zote mbili, subiri hadi kidole kikigusa kisivute nyuzi, ndipo uunganishe. Ukiunganisha ikiwa mbichi, maungio yatateleza na kufunguka kesho yake. Anza na ncha zote mbili, kisha katikati, ukifuata alama zako za kuvukia. Ikishika imeshika, huwezi kuisogeza.

rangi_nakuru

Hapo kwenye gundi, Kisumu si Nakuru. Huku juu, kwenye mita 1,850 na hewa kavu, dakika kumi mara nyingi zinatosha. Huko ziwani unyevu ni mwingi, hasa mvua ya alasiri inapokaribia. Kinachotokea ni hiki: kiyeyusho kikiruka kinapoza uso wa gundi, unyevu wa hewani unatua juu yake, na gundi inapata utando mweupe kama ukungu. Ukiunganisha juu ya utando huo, maungio yanaachia kwa kuvutwa kidogo tu. Gundisha asubuhi jua likishapanda, na ukiona weupe, subiri uishe wote au paka safu nyingine nyembamba. Fanyia nje. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ile ya kichujio cha kaboni wanayotumia wapaka rangi wa magari.

Kuhusu kuziba. Kwanza sugua maungio kwa msasa 120 halafu 240, ukivaa barakoa ya vumbi, upitishe blowa haraka juu ya kipande chote ili vitundu vijifunge. Ruka hatua hii uone rangi inavyonywewa. Baada ya hapo gundi ya mbao: safu ya kwanza changanya nusu kwa nusu na maji, zinazofuata maji robo, jumla safu 4 au 5, kila moja ikauke hadi iwe angavu. Safu nene zinaacha michirizi na hupasuka kwenye mikunjo. Nunua aina iliyoandikwa kwamba inahimili maji, kwa sababu ya kawaida hulainika tena kwa jasho, na ndani ya deraya Kisumu jasho si la kuulizwa.

Rangi ya gari ya spreyi inavutia dukani lakini ni ngumu. Foamu ikijipinda kiunoni, rangi inapasuka na kubanduka vipandevipande. Tumia akriliki: nyeusi kote kwanza, kisha rangi yako kuu kwa safu nyembamba, ukiacha nyeusi kwenye mifereji. Kuzeesha ndiko kunakofanya foamu ionekane chuma. Chovya brashi kwenye rangi ya fedha, ifute kwenye karatasi hadi ikaribie kukauka, pitisha kwenye kingo tu. Halafu nyeusi na kahawia zilizochanganywa na maji mengi, paka, ufute na kitambaa kabla hazijakauka, uchafu ubaki kwenye kona. Fikiria mahali deraya ingekwaruzwa kweli: viwiko, magoti, ukingo wa bega. Kukwaruza kila mahali kwa usawa ndiyo alama ya mtu aliyechoka kufikiri.

mama_mabegi

Hamjamwambia atafungaje, na hapo ndipo deraya nzuri hudondoka mbele ya watu. Mwanangu, usigundishe mkanda moja kwa moja kwenye foamu. Nguvu yote inaenda kwenye ukingo wa mkanda na foamu inachanika. Shona mkanda wa begi wa sentimita 2.5 kwenye kipande cha turubai cha sentimita 8 kwa 8, kisha ugundishe turubai yote ndani ya foamu. Klipu za begi ubavuni, mbili kila upande. Mabega yafunge kwenye kifua kwa lastiki pana ili mkono uinuke bila kuinua kifua.

Mapaja huteremka, hata yakibana. Yaning'inize kwenye mshipi wa kiunoni, mkanda mmoja mbele na mmoja pembeni kwa kila paja. Ukiyakaza ili yasishuke utakata damu na kuketi kutakushinda.

mgeni_wa_nyalenda

Asanteni sana wakubwa. Nimeelewa, mkono kwanza. Swali la mwisho ni kofia: kioo cha mbele nikitoe wapi, na nitaona na kupumua vipi? Na vyote hivi vinafikaje Nairobi?

fundi_povu

Kofia iwe ya mwisho, mikono yako ikishazoea. Acha nafasi ya sentimita 1.5 kuzunguka kichwa na ujaze sponji laini paji la uso, kisogo na mashavuni, ili isicheze ukigeuka. Hakikisha inapita kichwani kabla ya kuziba nyuma. Kichwa kina sehemu pana kuliko shingo. Kioo: ile karatasi ngumu angavu ya kubaindi vitabu, bandika filamu nyeusi ya vioo vya gari kwa ndani. Chagua nyeusi ya wastani, nyeusi sana hutaona ngazi jioni. Toboa matundu chini ya kidevu na kisogoni, na weka feni ndogo ya volti 5 inayotoa hewa nje, ikitumia pawabenki. Ukungu unapungua ukipaka tone la sabuni ya vyombo ndani ya kioo na kulisugua hadi lisionekane.

Na kofia hii haikukingi na chochote, kwa hiyo boda utavaa kofia ya boda. Kama una bunduki ya mfano, isiwe mkononi mwako mitaani; polisi aliye mbali hana namna ya kujua ni foamu.

mama_mabegi

Safari ya Nairobi: usiache vipande kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani. Foamu ikipata joto na uzito inalala bapa, na maungio yanaachia. Jaza kila kipande kwa nguo zilizokunjwa, panga kidogo ndani ya kikubwa kwenye boksi gumu, mkono ndani ya mguu, mguu ndani ya paja, na mwambie makanga boksi likae juu ya mizigo, lisiwe chini. Beba kopo dogo la gundi lililofungwa vizuri ndani ya mkebe, klipu mbili za akiba, sindano na uzi mnene.