Sheha akiitwa mwenyekiti wa shehia, kitabadilika nini?

Kijana wa Jang'ombe:
Assalaam alaykum jamani. Hivi mnaonaje Baraza la Wawakilishi letu la Zanzibar likiirekebisha ile Sheria ya Tawala za Mikoa namba 8 ya 2014, sheha, yule msimamizi wa serikali katika shehia, eneo dogo kabisa la utawala huku kwetu, aitwe mwenyekiti wa shehia kama wenzetu Bara wanavyosema mwenyekiti wa mtaa? Nauliza kwa sababu juzi nimekwenda kwa sheha kufuata barua ya kitambulisho cha Mzanzibari, nimemkuta barazani na daftari lake na muhuri pembeni, ananiuliza nimehamia lini na nani ananijua hapa mtaani, nikaona mtu huyu ana mamlaka makubwa na sijampigia kura hata siku moja.

Mtu wa Konde:
Waalaykum salaam. Ndugu yangu, jina silo. Mwenyekiti wa mtaa kule Bara anachaguliwa, wamepiga kura Novemba 2024, huyu wetu anateuliwa. Sasa ukimwita mwenyekiti na uteuzi ukabaki vilevile si unamzuga mwananchi? Huku Pemba ukifika wakati wa kuandikisha wapiga kura sheha akisema huyu simjui si mkaazi wangu, basi kazi unayo, hata kama babu yako kazikwa hapohapo.

Bi Mkubwa Mwanakwerekwe:
Mie nakataa kwa sababu nyengine. Mihuri na fomu zote za shehia Unguja na Pemba zichapwe upya kwa pesa za nani? Kenya baada ya katiba ya 2010 DC, yaani mkuu wa wilaya, wamempa jina la naibu kamishna wa kaunti, chifu wakamwacha chifu, na wote bado watu wa serikali kuu, na shemegi yangu wa Mombasa mpaka leo anasema naenda kwa DC. Halafu msiwaseme masheha wote, wetu sisi mwanamke, tunamgongea usiku wa manane kwa ugomvi wa mke na mume anatoka na kanga zake mbili anakwenda kuamua.

Kijana wa Jang'ombe:
Nimekufahamu bi mkubwa. Basi apigiwe kura siku moja na diwani?

Mtu wa Konde:
Hapo ndo penyewe! Diwani wa wadi tunamchagua lakini barua hatoi, anayetoa barua hatumchagui. Kila mtu amwambie mwakilishi wa jimbo lake aanze na kifungu cha uteuzi, jina wakiliacha hilohilo la sheha mie sina neno.