Debian 12: spika na maiki kimya, inaonyesha "Dummy Output" tu

Nyamanoro_Mwz:
Wakuu, naombeni msaada. Ni kompyuta mpakato ya mtumba, Intel kizazi cha 10, imepandishwa kutoka Debian 11 (mfumo wa Linux) kwenda 12. Spika na maiki ya ndani vyote kimya, mipangilio ya sauti inaonyesha "Dummy Output" tu, yaani kadi ya sauti haionekani. `lspci -nn` inaonyesha kifaa cha sauti 8086:02c8. Inatakiwa kurekodi kwaya Jumapili. Chipu imekufa? Ninunue kadi ya nje?

FundiKirumba:
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Kama lspci inaiona, shuku fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu ili ifanye kazi) kabla ya chipu. Mashine nyingi za kizazi hicho zina maiki za kidijitali zilizoungwa kwenye DSP ya Intel, yaani kichakataji kidogo cha sauti. Kerneli (kiini cha Linux) ikizikuta inaacha draiva ya kawaida na kuchukua SOF (Sound Open Firmware, draiva ya hiyo DSP), na SOF haiamki bila fimwea yake. Hakikisha:

`sudo dmesg | grep -i sof`

Ukiona `sof-cml.ri` na namba -2, maana yake faili halipo. Kuanzia Debian 12 fimwea zimehamia sehemu inayoitwa non-free-firmware, na ukipandisha toleo neno hilo halijiongezi lenyewe. Liandike mwisho wa kila mstari wenye `main` ndani ya /etc/apt/sources.list, kisha:

`sudo apt update && sudo apt install firmware-sof-signed alsa-ucm-conf`

Zima, washa, halafu `aplay -l` uone kama kadi imetokea.

Igoma_Linux:
Bando likikwama kuna njia ya muda. Kwenye /etc/modprobe.d/sauti.conf weka `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1`, inarudisha draiva ya kawaida. Spika zitaongea ila maiki ya ndani itabaki kimya. Ukishapata fimwea ufute huo mstari, la sivyo SOF haitapewa nafasi.

Capripoint:
Kwa kwaya, maiki ya ndani haitoshi hata ikipona. Tafuta kadi ya USB inayofuata kiwango cha USB Audio Class. Draiva yake, snd-usb-audio, imo ndani ya kerneli, huhitaji CD ya draiva. Nenda dukani na mashine yako, chomeka kabla hujalipa. `arecord -l` itakupa namba ya kadi. Ikiwa ni 1, soma `cat /proc/asound/card1/stream0`. Chini ya Capture, "Channels: 1" ni mono. Nyingi za bei ndogo ziko hivyo.

Nyamanoro_Mwz:
Ilikuwa -2 kweli. Nimeweka fimwea, spika na maiki vinafanya kazi. Hedifoni bado.

FundiKirumba:
Fungua `alsamixer`, F6, chagua kadi. Nenda safu ya Headphone. Ikiwa chini yake kuna MM (imezimwa), bonyeza M igeuke OO (imewashwa).